Magamba meupe kwenye Cattleya yanarudi kila baada ya wiki mbili: nakosea wapi?

Baraza_la_Kivuli

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua okidi. Niko Kigamboni, nina vyungu kumi na viwili barazani chini ya wavu wa kivuli: Cattleya nne, Dendrobium tano, Phalaenopsis mbili na Vanda moja inayoning'inia kwenye waya. Karibu zote zimepandwa kwenye mkaa na makumbi ya nazi.

Cattleya mbili zimejaa kitu cheupe kama machicha ya nazi, chini ya majani na pale jani linapoungana na shina. Ndani ya huo weupe kuna vidoa vya duara, bapa, rangi ya maziwa yenye ukahawia kwa mbali, ukubwa wa kichwa cha pini. Ukikwangua kwa ukucha vinabanduka. Upande wa juu wa jani, mahali palepale, pana madoa ya njano. Hapanati.

Dendrobium moja ina jambo jingine: vibonge vya kahawia vimejipanga kufuata mshipa wa kati wa jani, jani linanata, limeanza kuwa jeusi kama limepigwa masizi, na sisimizi wanapanda na kushuka kutwa.

Dawa zilizotumika hadi sasa: sabuni ya unga kijiko kimoja kwa lita, mara mbili. Wakapungua, wiki ya pili wakarudi. Kisha imidaklopridi 200 SL ya duka la pembejeo, imemwagiwa kwenye mizizi. Leo wiki ya tatu: Dendrobium ina nafuu, Cattleya ziko vilevile. Je, huyu ni kidung'ata (yule mdudu mweupe wa ungaunga) au mdudu gamba? Na kwa nini dawa moja ikubali huku na kukataa kule?

Mama_Makumbi

Wote ni wadudu gamba, ila ni wa koo mbili, na hapo ndipo dawa yako ilipokwama.

Wa kwenye Cattleya, kwa maelezo hayo, ni Diaspis boisduvalii, gamba la Boisduval kama wakuzaji wa okidi wanavyomwita. Vile vya duara ni majike. Hayo "machicha" ni madume, ambao hujikusanya kwa wingi na kujifunika nyuzi za nta, ndiyo maana watu hudhani ni kidung'ata. Chokonoa kwa kijiti uone. Kidung'ata ana miguu, atasogea. Gamba akishatulia hana miguu tena. Kifuniko chake hubanduka, ila mdudu mwenyewe, kitu laini cha manjano, hubaki amenata kwenye jani.

Huyu ni gamba gumu. Hanyonyi mshipani. Huchomeka mdomo kwenye seli za jani na kuzifyonza moja baada ya nyingine, nazo zikibaki tupu ndiyo hayo madoa ya njano. Kwa kuwa hanywi utomvu wenye sukari, hana cha kumwaga, hivyo jani halinati na sisimizi hawamjali. Imidaklopridi husafiri kwenye mishipa, na inayofika kwenye zile seli anazokula ni kidogo mno. Wa Dendrobium ni gamba laini, yaelekea Coccus hesperidum. Huyo ananyonya mshipani, kwa hiyo anakunywa dawa yako moja kwa moja. Utomvu unaomzidi anaumwaga nyuma; ndio unaonata, ndio sisimizi wanaoufuata, na ndio unaoota ule ukungu mweusi. Masizi yale hayali jani. Futa kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, yatatoka.

Sasa kwa nini wanarudi. Kifuniko cha jike ni mwavuli: maji ya sabuni yanapita juu, yeye na mayai yake wako chini wakavu. Mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hivi, na watoto hutoka wakiwa na miguu, wadogo kuliko nukta, rangi ya manjano. Hawa watambaaji ndio pekee walio wazi, na hutembea kwa saa chache hadi siku chache tu kabla ya kutulia na kujijengea kifuniko chao. Ukipuliza mara moja unaua walio njiani leo. Wa kesho bado wako chini ya mama yao. Kwa joto la Dar kizazi kizima hukamilika kwa wiki sita hadi nane, na vizazi hupandana, hakuna msimu wa mapumziko.

Kwa hiyo kazi ni mbili na usiziruke: kuondoa kwa mkono vifuniko vyote unavyoviona na usivyoviona, kisha kupuliza kwa kurudia ili kila kundi linaloanguliwa likukute.

Kazi ya mkono. Tenga hizo Cattleya mbili, mita mbili au tatu kutoka kwa nyingine, upande ambao upepo hautokei, maana watambaaji hubebwa na upepo. Mwagilia siku moja kabla. Mmea wenye kiu huungua na dawa yoyote. Kisha vua maganda. Vile vishina vinene vya Cattleya vimevikwa maganda makavu kama karatasi, na chini yake ndiko kiota kilipo. Pasua ganda kwa urefu kutoka juu, vuta nusu moja kulia na nyingine kushoto, polepole ukifika chini, kwa sababu kwenye kitako cha shina kuna jicho la chipukizi la mwaka ujao na likivunjika limekwenda. Ganda bichi usilivue. Watu wengi hupuliza miezi sita bila kuvua hata ganda moja, kisha wanasema dawa za siku hizi ni feki.

Chukua spiriti ya asilimia 70, nusu lita inatosha mimea miwili na kubaki. Asilimia 95 si bora zaidi: inakauka kabla haijapenya chini ya kifuniko. Ijaribu kwanza kwenye jani moja kuukuu, subiri siku mbili. Pamba kwa sehemu pana za jani, kijiti cha pamba cha masikioni kwa makwapa ya majani, na mswaki laini wa watoto kwa kitako cha shina na kile kishina kinachotambaa juu ya makumbi. Sugua kufuata urefu wa jani, usisugue kwa kukata. Badilisha pamba kila ikichafuka, la sivyo unawahamisha tu. Geuza jani, asilimia kubwa ya kazi iko chini. Machipukizi laini na vitumba vya maua usiviguse kwa spiriti, huko tumia maji ya sabuni na kidole.

Vile vishina vya nyuma visivyo na majani, vilivyonyauka, kata. Acha vinne vya mbele, mmea utaishi navyo. Wembe mpya kwa kila mmea, na mswaki wake kila mmea. Spiriti haiui virusi vya okidi, na virusi hivyo huenea hasa kwa vyombo vya kukatia. Ukitumia mkasi, uchome motoni hadi uwe mwekundu, ila mbali na chupa ya spiriti, tafadhali.

Makumbi ya zamani usiyarudishe. Toa mmea, osha mizizi kwa maji yanayotiririka, kata iliyooza, panda kwenye mkaa na makumbi mapya yaliyolowekwa. Ya zamani choma moto, usiyatupe chini ya mnazi: huyu gamba hula minazi na migomba pia. Chungu loweka kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, nusu saa, kisha suuza sana.

Siku ya tatu baada ya spiriti, anza mafuta. Ya mwarobaini: mililita 5 kwa lita moja, na mililita 2 za sabuni ya maji isiyo na rangi wala manukato makali. Changanya mafuta na sabuni kwanza hadi vishikane, ndipo utie maji ya vuguvugu kidogokidogo ukitikisa. Ukimimina mafuta kwenye maji yataelea, nusu ya chupa utapuliza maji matupu na nusu ya mwisho utapuliza mafuta matupu, na hayo yataunguza jani. Tumia yote siku hiyohiyo. Au tumia mafuta meupe ya bustani, mililita 10 kwa lita. Yanafanya kazi kwa kumziba pumzi, kwa hiyo pasipofika mafuta hapafi kitu: lowesha chini ya jani, makwapa na kitako hadi yaanze kudondoka. Rudia kila siku ya saba hadi ya kumi, raundi nne bila kukosa, hata kama baada ya raundi ya pili mmea unaonekana safi.

Mapema asubuhi, kabla ya saa mbili, mmea ubaki kivulini siku nzima. Desemba hadi Machi joto la huko linafika nyuzi 32, na mafuta juu ya jani lenye moto ni kikaango.

Fundi_wa_Banda (Limuru)

Mama kaeleza vizuri, sina la kuongeza kwenye kazi ya mkono. Niseme kuhusu dawa za dukani, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Kwanza angalia herufi kwenye lebo kabla ya jina. EC ni dawa iliyoyeyushwa kwenye kiyeyushi cha mafuta, na mara nyingi ni kiyeyushi, si sumu yenyewe, kinachochoma okidi, hasa Phalaenopsis na machipukizi. WP na WG ni unga au chembechembe, zinaacha weupe kwenye jani lakini haziunguzi kirahisi. Kwa okidi chagua hizo, au SL, yaani dawa ya majimaji inayoyeyuka kwenye maji.

Pili, kumwagia mizizi. Kwenye udongo dawa inakaa wiki kadhaa. Kwenye mkaa na makumbi inapita na kutoka chini ndani ya dakika moja, na mizizi ya okidi inashika kidogo tu. Kwa hiyo hata yule wa Dendrobium amepata dozi ndogo. Ukitaka kumwagia, lowesha makumbi kwa maji kwanza, mwagia dawa polepole mara mbili kwa tofauti ya nusu saa, kisha usimwagilie maji siku nne.

Kwa gamba gumu, katika ukoo huohuo wa imidaklopridi inayosaidia ni dinotefurani. Inayeyuka kwenye maji kuliko imidaklopridi, hivyo inasambaa hadi kwenye seli za jani. Si kila duka huwa nayo. Zinazopatikana zaidi ni zile za kuzuia wadudu kukua, buprofezini na pairiproksifeni: haziui jike mzima, zinamzuia mtoto kujivua ngozi au yai kuanguliwa. Watu wanapuliza, siku ya tano wanaona magamba yako palepale, wanasema haifanyi kazi. Pima baada ya wiki nne, si siku tano. Mimi ningeiweka raundi ya pili na ya nne, na mafuta raundi ya kwanza na ya tatu. Kipimo fuata lebo ya bidhaa uliyonunua, kwa sababu nguvu zinatofautiana.

Usiongeze imidaklopridi kila wiki eti kwa sababu haikufanya kazi. Ikitumika mara kwa mara inaelekea kuzidisha utitiri, na utitiri kwenye Dendrobium ni vita nyingine kabisa. Na ikiwa okidi ziko nje na zina maua wazi, kata bua la maua kwanza, kwa ajili ya nyuki. Umoja wa Ulaya ulizuia imidaklopridi nje ya mabanda yaliyofungwa mwaka 2018 kwa sababu hiyo. Glavu, barakoa, na usipulizie sebuleni.

Huku kwetu Juni hadi Agosti baridi inachelewesha mayai, raundi tunaziweka siku 14. Pwani usifanye hivyo.

Shamba_Pongwe

Kabla hujagusa ile Dendrobium, shughulikia sisimizi. Gamba laini lenye walinzi halitokomei: wale mende wadogo wenye madoa na nyigu wadogo wanaowala hufukuzwa, na watambaaji hubebwa hadi chungu cha jirani. Ikiwa ni majimoto wale wekundu wanaoshona majani, ni wale wale tunaowapenda kwenye minazi na mikorosho kwa kuwa wanafukuza wadudu waharibifu. Kwenye okidi ni wachungaji wa magamba. Usiwaue shamba zima, wazuie tu.

Meza: kila mguu ndani ya kopo la maji yenye matone ya sabuni, na meza isiguse ukuta wala wavu. Jani moja likigusa ukuta umewajengea daraja. Vanda ya kuning'inia: paka waya grisi nzito kipande cha kiganja kimoja, upande wa juu ambako haitadondokea mizizi. Vaselini inayeyuka jua likikaza. Angalia kila wiki, vumbi likishika grisi wanapita juu yake kama barabara ya lami.

Baraza_la_Kivuli

Asante sana mama, na nyie wakuu. Maswali yaliyobaki ni manne.

1. Spiriti iliyoko duka la karibu ni ile ya zambarau ya kuwashia. Inafaa?
2. Sabuni ya mche iliyokwanguliwa inaweza kuchukua nafasi ya sabuni ya maji? Maji yangu ni ya kisima, yana chumvichumvi.
3. Nitajuaje waliobaki kwenye jani wamekufa? Nimesugua jani moja na bado kuna vifuniko.
4. Phalaenopsis moja ina matone yanayonata kwenye bua la maua, na sisimizi wawili watatu. Gamba sijaliona. Nianze kupuliza?

Mama_Makumbi

La nne kwanza, usije ukapuliza bure. Phalaenopsis na okidi nyingine nyingi hutoa matone ya sukari zenyewe kwenye bua na nyuma ya vitumba, bila mdudu yeyote. Tone la mmea ni safi, la mviringo, limekaa mahali pamoja, kwenye kifundo cha bua. La gamba limetawanyika kama manyunyu, na liko juu ya jani lililo chini ya mdudu, kwa hiyo ukiona jani linanata inua macho uangalie la juu yake. Futa matone hayo, kagua chini ya majani, ukikuta safi iache. Na siku ukilazimika kupuliza Phalaenopsis, baada ya dakika chache inamisha mmea na unyonye maji yaliyotuama kwenye moyo wake kwa karatasi ya tishu. Maji yakilala pale usiku, moyo unaoza, na Phalaenopsis haina moyo mwingine.

Spiriti ya zambarau hapana. Ina methanoli na rangi, na mvuke wake si wa kuvuta ukiwa umeinamia mmea saa nzima. Nenda duka la dawa uombe ya kusafishia vidonda. Soma chupa: nyingine zimetiwa mafuta au manukato, hizo ziache. Jeli ya kutakasia mikono nayo ina gliserini, inabaki inanata.

Sabuni ya mche kwa maji ya kisima chenye chumvi haitakusaidia. Madini ya maji yale huigandisha ikawa utando mweupe unaoelea, wadudu hawapati kitu na jani linabaki na ukoko. Sabuni ya unga haikatwi hivyo na maji hayo, lakini inavua nta ya jani, ndiyo maana nayo uache. Kinga maji ya mvua, au nunua ya chupa. Lita tatu zinatosha raundi moja. Ukiwa na maji laini, mche uliokwanguliwa gramu 10 kwa lita unakubalika kwa Cattleya.

Kujua kama wamekufa: bonyeza kwa kucha. Aliye hai hutoa majimaji. Aliyekufa ni mkavu, anavunjika kama pumba. Kifuniko kitupu kinaweza kubaki kimebandika jani miezi mingi, mvua haikiondoi, ndiyo maana nasema vitoe vyote: ukiviacha hutajua kilichoongezeka. Madoa ya njano hayatarudi kuwa kijani, kwa hiyo usiyatumie kama kipimo cha dawa. Piga picha kila jani, linganisha.

Shamba_Pongwe

Kipimo kizuri zaidi ya macho ni selotepu. Zungushia kipande kwenye kitako cha shina, upande wa gundi ukiwa nje, ncha uikunje ili ishikwe. Mtambaaji akipita atanasa. Kibandue kila baada ya siku nne, kitazame kwa lenzi ya kukuza mara kumi juu ya karatasi nyeusi. Vinukta vya manjano vyenye miguu maana yake raundi haijaisha.

Fundi_wa_Banda (Limuru)

Nyongeza kuhusu Vanda. Ikibidi kuipuliza mafuta, funga mizizi kwa mfuko wa plastiki wakati wa kazi. Lile tabaka jeupe la mizizi ni sifongo linalokunywa maji ya hewani. Mafuta yakiliziba mizizi inakaa wiki nyingi haibadiliki kuwa kijani ukimwagilia, halafu inakauka.

Na atakayekushauri mafuta ya taa au maji ya tumbaku, mshukuru uendelee. Mafuta ya taa yanapenya jani na kuliua pamoja na mdudu. Tumbaku ina nikotini inayopita kwenye ngozi yako mwenyewe.

Baraza_la_Kivuli

Nimewaelewa. La mwisho: Cattleya moja kati ya hizo mbili ina vishina vitatu tu, na viwili magamba yameingia hadi chini ya kitako. Niipiganie au niitupe? Na zile nyingine ambazo hazijaonyesha kitu?

Mama_Makumbi

Ikiwa ni ya kawaida inayopatikana kwa wauzaji wa maua, itupe: funga kwenye mfuko ukiwa palepale ilipo, usiipitishe juu ya nyingine, kisha choma. Ikiwa ni adimu, kata kishina kimoja kisafi chenye jicho na mizizi yake, kisugue chote kwa spiriti isipokuwa jicho, kaushia kivulini siku mbili jeraha lifunge, kisha ukipande peke yake. Kitachukua miaka miwili hivi kabla ya ua.

Nyingine zote zipulizie mafuta raundi mbili za mwanzo hata kama ni safi, Phalaenopsis kwa nusu ya kipimo, Vanda kama Fundi alivyosema. Hizo Cattleya zisirudi kundini hadi selotepu itoke tupu wiki sita mfululizo. Okidi mpya utakayonunua nayo ikae pembeni wiki hizohizo sita, na maganda yake uyavue siku ya kwanza, muuzaji akisema imepulizwa au hajasema.